Sajili za kitaifa zinavyowafaa wagonjwa wenye maambukizi ya moyo

MAAMBUKIZI ya utando wa ndani wa moyo na vali zake, ambayo kitaalamu huitwa endokaditisi, si maradhi ya kila siku. Katika mataifa yenye takwimu kamili, huwapata takriban watu 3 hadi 10 kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Hata hivyo, asiyetibiwa hufariki karibu kila mara, na hata waliolazwa hawana hakika ya kupona. Katika sajili ya Ulaya iliyokusanya habari za wagonjwa 3,116 kutoka nchi 40 kati ya 2016 na 2018, asilimia 17.1 walifia hospitalini.

Ugonjwa huu huanza bakteria wanapoingia katika damu kupitia ufizi, kidonda au mpira wa dawa uliowekwa mshipani. Wakifika moyoni hujishikiza kwenye vali yenye kovu au ya bandia na kuota vijinyama. Kipande cha kijinyama kikikatika huchukuliwa na damu na chaweza kuziba mshipa wa ubongo, mgonjwa akapatwa na kiharusi. Tiba yake ni dawa za kuua bakteria, aghalabu kupitia mshipani kwa wiki 4 hadi 6, na karibu nusu ya wagonjwa hulazimika kufanyiwa upasuaji.

Kwa kuwa wagonjwa ni wachache, hospitali moja huenda ikawaona wawili au watatu tu kwa mwaka. Daktari wa hapo hawezi kujua kutokana na tajriba yake pekee ni dawa ipi inayofaa zaidi, wala ni wakati gani bora wa kumpasua mgonjwa. Haba na haba hujaza kibaba: habari za hospitali zote zikiwekwa pamoja, jambo lililofichika katika wodi moja hudhihirika.

Uswidi ilianza kazi hiyo mwaka 1995, madaktari wake wa magonjwa ya kuambukiza walipoanzisha sajili ya taifa ya endokaditisi. Humo huandikwa aina ya bakteria aliyepatikana, vali iliyoathirika, dawa alizopewa mgonjwa, iwapo alipasuliwa, na hatima yake. Kwa kuwa kila mkazi ana nambari moja ya utambulisho, habari hizo zaweza kulinganishwa na za sajili nyingine za nchi, zikiwemo za vifo.

Manufaa ya mpango huo yalionekana katika mjadala wa meno. Kwa miaka mingi, watu wenye kasoro za moyo walipewa dawa za kuua bakteria kabla ya kung'olewa jino. Machi 2008, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza ilishauri desturi hiyo ikome. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba kufikia Machi 2013 eneo la England lilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 35 zaidi kila mwezi kuliko ilivyotarajiwa. Lakini takwimu hizo za hospitali hazikuonyesha kwa uhakika ni bakteria gani waliowaugua watu hao. Haikuwezekana kusema kwamba walitoka kinywani.

Uswidi nayo iliacha kupendekeza dawa hizo mwaka 2012. Sajili yake ilikuwa na jina la bakteria, hivyo watafiti waliwatenga wagonjwa walioambukizwa streptokokasi wa kinywani. Matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha ongezeko la maambukizi hayo baada ya mabadiliko. Mjadala haukuishia hapo, kwani miongozo ya Ulaya ya 2023 bado inawataka walio katika hatari kubwa, kama wenye vali bandia, wapewe kinga. Jambo lililo wazi ni kwamba sajili hujibu tu swali ambalo habari zake ziliandikwa tangu mwanzo.

Barani Afrika, njia kuu ya kuharibika kwa vali ni homa ya baridi yabisi, inayofuatia maambukizi ya koo utotoni. Sajili iliyoongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town ilikusanya wagonjwa 3,343 kati ya 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini. Takriban asilimia 55 pekee walikuwa wakipata penisilini ya kuzuia homa hiyo isirudi. Katika miaka 2, asilimia 16.9 walifariki.

Uganda imeonyesha thamani ya kumfuatilia mtoto mmoja mmoja. Katika utafiti wa Gulu uliochapishwa 2021, watoto 818 waliogunduliwa wakiwa na dalili za mwanzo walifuatiliwa kwa miaka 2. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa penisilini kila wiki 4, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Sindano ya aina hiyo haiwezi kutolewa kwa miaka mingi bila daftari linaloonyesha ni nani aliyekosa kufika kliniki.

Sajili pia ina masharti yake. Hospitali ndogo zikiachwa nje, takwimu huwasahau maskini. Siri za wagonjwa zisipolindwa, wao huogopa kujiandikisha. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Tena lazima matokeo yarudishwe kwa muuguzi aliyejaza fomu, ili naye ajue ni wagonjwa gani wa kutafutwa kabla vali zao hazijaharibika.