Mcheza Kwao Hutunzwa. Mchoraji Je?

Toa leso moja kabatini mwa bibi yako uikunjue yote. Utaona pindo, ule mpaka unaozunguka pande zote nne. Utaona mji, uwanja wa katikati wenye mchoro mkubwa. Chini ya mji utasoma jina, yaani ile methali au fumbo linaloamua leso itavaliwa mbele ya nani. Wengi huishia hapo. Lakini tafuta maandishi madogo ukingoni. Kama leso ilinunuliwa Mombasa, kuna uwezekano mkubwa utakuta haya: K.H.E. – Mali ya Abdulla.

K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, duka la tangu 1887 ambalo bado liko Biashara Street, hapa hapa kisiwani. Inasimuliwa kwamba ni wao walioanza kuchapa maneno kwenye leso, mapema katika karne ya 20. Kabla ya hapo leso ilikuwa picha tu. Na kabla ya hiyo ilikuwa vitambaa vya mkono vilivyoletwa na meli, ambavyo wanawake wa pwani walivikata na kuviunga sita pamoja ili wapate vazi moja. Neno lenyewe leso tumelitoa kwa Wareno.

Mimi napenda kusoma ukingo wa leso. Nimesoma nyingi, za nyumbani, za harusini, za mitumba. Jina la mwenye mali nimelikuta mara nyingi. Jina la aliyechora ile korosho sijalikuta hata mara moja.

Si ajabu, ukifuata njia ambayo leso ilipita. Kwa miaka mingi ilichapwa mbali: Uholanzi, kwa mfano kwenye kiwanda cha P. F. van Vlissingen mjini Helmond, na Manchester, Uingereza. Baadaye Japani na India. Mfanyabiashara wa hapa ndiye aliyejua wanawake wa Mombasa wanataka rangi gani mwaka huu na maneno gani yatawachoma majirani. Aliagiza, akalipia, akasubiri meli. Mchoraji alikuwa mtu wa kiwandani. Alipata ujira wake, na leso ikiuzwa miaka 30 hilo halikumhusu tena.

Simlaumu Abdulla. Marobota yakikosa kununuliwa, hasara ilikuwa yake, si ya mchoraji wa Helmond. Anayebeba hatari ana haki ya faida. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mji huu una zaidi ya miaka 100 ya kuishi na picha nzuri ambazo zina mwenye mali lakini hazina aliyezichora. Tumezoea. Na mazoea hayo sasa yanawakuta vijana wanaochora posta za shoo.

Jamaa yangu mmoja wa Kibokoni ni dizaina. Mwaka juzi promota alimpigia jioni: anataka posta ya shoo, wasanii watano, kesho asubuhi iwe tayari. Wakakubaliana shilingi 1,500. Jamaa akakesha, akakata picha za wasanii moja moja kwa sababu zote zilikuwa zimetolewa Facebook na hazikuwa safi. Asubuhi akarekebisha mara sita. Akalipwa 700 kwa M-Pesa na tiketi mbili. Salio, akaambiwa, litakuja baada ya shoo.

Halikuja. Kilichokuja ni ile posta yenyewe: kwanza kwenye status za watu, halafu kwenye bango kubwa la barabarani, halafu kwenye fulana zilizouzwa mlangoni, na mwaka uliofuata ikarudi tena, tarehe imebadilishwa na msanii mmoja amefutwa. Jamaa alipouliza, promota alimjibu kwa mshangao wa kweli kabisa: “Yakhe, si nilikulipa?”

Swali hilo nimelibeba muda mrefu, labda kwa sababu na mimi naishi hivyo hivyo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, sasa naandika kwa kulipwa kwa neno, pesa ikitumwa. Promota hakuwa anadanganya. Kwa akili yake alinunua picha kama anavyonunua kiti: ukishalipa, hata nusu, kiti ni chako, ukikalie au ukikodishe. Kwa akili ya jamaa yangu, aliuza matumizi mamoja ya picha: shoo moja, usiku mmoja. Hawakuwahi kusema waziwazi wanauziana nini.

Cha kushangaza ni kwamba kwenye muziki mji huu unajua sana kulipa. Methali inasema mcheza kwao hutunzwa, na Mombasa tuliichukua kama ilivyo. Kwenye taarab ya harusi, mwenye shughuli aligharamia kikundi, halafu ukumbini mambo yakaanza upya: wimbo ukimgusa mtu, anainuka na noti mkononi, anajongea taratibu kwa madaha, anamtunza mwimbaji. Ndivyo walivyotunzwa akina Juma Bhalo, Zein l’Abdin, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma. Malipo yalitoka mbele ya macho ya watu, kwa mtu anayejulikana kwa jina.

Taarab ya namna hiyo haikuhitaji posta. Habari za harusi zilipita kwa kualikwa na kwa mdomo. Kaseti zilipoingia ndipo sauti ya ukumbini ikawa kitu cha kuuzwa dukani, na Mji wa Kale wapenzi wa taarab walijua pa kwenda: Mbwana Radio Service, Pigott Place. Kaseti inataka karatasi ya juu. Inataka picha ya mwimbaji, jina lake, jina la duka. Hapo mchoro ukaingia rasmi kwenye biashara ya muziki, lakini aliyeupanga akabaki pale pale alipokuwa mchoraji wa leso, nyuma ya kitambaa.

Mtu asiseme kwamba sisi hatuna desturi ya kutaja mtunzi. Watunzi wengi wa tenzi walimalizia kwa kutaja jina lao na tarehe, na wengine hata idadi ya beti, ili anayenakili asipunguze wala asijipachike. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka 1971, aliwatungia waimbaji mashairi, Juma Bhalo akiwa mmoja wao, na watu wa barazani wanajua wimbo gani ni kalamu ya nani. Desturi ya kutaja tunayo. Mshairi anaipata, mwimbaji anaipata. Mchoraji ndiye tuliyemsahau.

Sasa toka kisiwani. Vuka daraja la Makupa uingie Changamwe, kwenye chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, Akamba Handicraft, kilichoanzishwa 1963. Ufundi wenyewe ulianzia mbali. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alifika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona uchongaji wa huko, akarudi nao nyumbani. Baada ya miaka kadhaa wachongaji wa Kikamba walikuwa wakiuza twiga na vifaru kwa watalii pwani nzima, kila mtu na bei yake, na dalali akiwachezea wote.

Chama kilibadilisha jambo moja dogo. Kila mwanachama ana nambari, na kinyago kikiingia dukani kinabeba nambari ya aliyekichonga pamoja na bei. Kikiuzwa, inajulikana ni cha nani. Sehemu kubwa ya pesa inakwenda kwa mchongaji, nyingine inabaki kuendesha chama. Mtalii pengine haelewi ile nambari ni ya nini, lakini karani wa hesabu anaelewa, na hilo ndilo la muhimu.

Weka leso na kinyago mezani pamoja. Vyote vimeuzwa Mombasa, vyote vina alama. Alama ya leso inakuambia mali ni ya nani. Alama ya kinyago inakuambia kazi ni ya nani. Pesa nazo zimefuata alama. Tofauti hiyo haikuletwa na huruma ya wateja, wala mti haukuwa bora kuliko kitambaa. Ililetwa na watu waliokaa chini kabla ya kuuza chochote, wakakubaliana kinachoandikwa.

Kama unadhani sheria imeshakumalizia kazi hiyo, isome tena. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema hakimiliki inaanza kwa mtunzi. Vizuri. Lakini kifungu cha 31 kinaongeza sharti: kazi ikiwa imeagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa nyinyi wawili mmekubaliana vingine. Kwa lugha ya Biashara Street: ukichora kwa kuagizwa, kazi ni mali ya Abdulla mpaka mwandikiane tofauti.

Yaani promota wa jamaa yangu, kwenye suala la fulana, pengine sheria ilikuwa upande wake. Hilo liliniuma kuligundua. Kuna mambo mawili tu hayakuwa upande wake. La kwanza ni salio. Deni ni deni, na Kenya sasa tuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. La pili ni jina. Kifungu cha 32 kinamwachia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, hata kama haki ya kuiuza imeshahama.

Ugomvi huu haukuzaliwa hapa. San Francisco, Marekani, miaka ya 1960, promota Bill Graham alikuwa akiandaa shoo za roki kwenye ukumbi wa Fillmore, na Wes Wilson akimchorea posta zenye herufi zinazojikunja kama moshi. Watu walizibandua ukutani wakaenda nazo nyumbani. Posta ikawa bidhaa yenyewe, si tangazo tena. Mwaka 1967 Wilson akaachana na Graham, wakiwa wamegombana kuhusu malipo. Leo posta hizo ziko kwenye majumba ya makumbusho. Swali lao lilikuwa lile lile la Kibokoni: umenilipa kwa usiku mmoja, au umenilipa kwa kila kitakachofuata?

Najua jibu la mapromota, nimelisikia barazani na nimelisikia kwenye mikutano ya vijana pale Swahilipot. Ukumbi ni pesa, spika ni pesa, kibali ni pesa, msanii wa kutoka Nairobi anataka tiketi ya ndege na hoteli, halafu mvua inanyesha na watu hawaji. Ni kweli. Shoo nyingi za hapa zinakula hasara. Lakini hakuna promota anayemwambia mwenye jenereta asubiri mpaka baada ya shoo, kwa sababu mwenye jenereta atazima. Dizaina akishatuma faili safi hana cha kuzima. Ndiyo maana lazima azungumze kabla.

Na kama pesa ni kidogo kweli, basi kinachouzwa nacho kiwe kidogo. Shilingi 1,500 inaweza kununua posta ya simu ya shoo moja. Haiwezi kununua pia bango la barabarani, fulana na shoo ya mwakani. Wakataba si lazima uandikwe kwa Kiingereza cha mahakamani. Ujumbe kama huu unatosha, mradi mteja ajibu “sawa”:

“Posta moja, ya mtandaoni tu, kwa shoo ya tarehe hii. Nusu ya malipo kabla sijaanza, nusu kabla sijatuma faili ya mwisho. Marekebisho mara mbili. Ya tatu yana bei yake. Kuchapa bango au fulana, au kuitumia kwa shoo nyingine, ni malipo mengine. Hakimiliki inabaki kwangu. Jina langu libaki chini pembeni.”

Jamaa yangu sasa anautuma kwa kila mteja. Wawili walimwita mwenye maringo wakaenda kwa mwingine. Hapo ndipo ujumbe wa mtu mmoja unapofikia mwisho, kwa sababu daima kuna mwingine, kijana wa Majengo au wa Kisauni mwenye simu na programu ya bure, atakayefanya kwa 500 ili ajulikane. Huyo si adui. Wachongaji wa Changamwe walikuwa hivyo hivyo, kila mtu akimshushia mwenzake bei mbele ya dalali. Kule Dar es Salaam, wachoraji wa Tingatinga walisajili ushirika wao 1990. Madizaina wa posta wa Mombasa nawajua kama kumi na watano, na wote wako kwenye magrupu yale yale ya WhatsApp. Wakikubaliana bei moja ya chini na ujumbe mmoja wa kutuma, promota atakayempigia simu “mwingine” atasomewa masharti yale yale.

Pengine wa kwanza wao atakaa na kalamu aanze orodha: nambari moja, jina, simu, mtaa. Nambari mbili.