Habari ya Waalimu Waliofungwa Wakati wa Vita, 1914–1916

Katika Jubilei hii twawakumbuka walioijenga misheni kwa mikono yao. Haifai tuwasahau walioijenga kwa vifungo vyao.

Vita Kuu ilipoanza, Agosti 1914, nchi yetu, yaani Tanzania bara ya leo, ilikuwa chini ya Wadachi. Lakini misheni ya U.M.C.A. huko Bonde na Masasi, na ya C.M.S. huko Ugogo na Ukaguru, zilikuwa za Waingereza. Mapadre na mabibi wa Kiingereza wakawekwa kizuizini, wengine Kiboriani karibu na Mpwapwa, na baadaye Tabora. Waalimu Waafrika nao wakashukiwa kuwa wapelelezi, kwa kuwa walifundishwa na Waingereza. Wengi wakatiwa minyororo, wakapigwa, wakatumikishwa kazi ngumu, na wengine wakafa kifungoni. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Wabelgiji waliingia Tabora, na wafungwa waliokuwamo wakafunguliwa.

Jeraha la mgongoni huonekana, na mganga hulifunga. Liko jeraha jingine lisiloonekana. Mwizi aliyehukumiwa miezi sita huhesabu siku zake, na mkewe nyumbani huhesabu pamoja naye. Mfungwa wa vita hana hesabu. Hajui kama atatoka kesho, au mwakani, au hatatoka kabisa. Daktari mmoja Mswisi, A. L. Vischer, alizuru kambi za wafungwa huko Ulaya wakati wa vita ile ile, akaandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1918. Hali hiyo aliiita ugonjwa wa seng'enge. Wafungwa walikosa usingizi, wakasahau mambo, wakashindwa kutuliza fikira zao, wakawakasirikia rafiki zao kwa neno dogo. Alisema kwamba waliokaa zaidi ya miezi sita, wachache sana walisalimika kabisa. Ikiwa wale waliopata barua na vifurushi walipatwa hivyo, je, mtu wa mnyororo?

Wahenga walisema, Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini adhabu ya kifungo hiki, nyumba nzima huijua. Mke wa mfungwa si mjane, wala hana mume karibu. Mjane hulia, watu huja kumhani, kisha matanga huanuliwa, naye hushika jembe lake tena. Huyu hana siku ya kuanua matanga, maana pengine mumewe yu hai. Majirani nao huogopa kubisha hodi kwa mtu aliyetajwa adui wa serikali. Watoto huona hayo, wakajifunza kunyamaza.

Wala tusidhani kwamba Wadachi peke yao walifanya hivi. Waingereza walipoitwaa nchi, wamisionari Wadachi nao walikamatwa, wakatengwa na Wakristo wao.

Basi, waalimu na washarika, tujifunze neno moja. Afunguliwapo mtu, tusimwambie, Umetoka, yamekwisha. Akinyamaza au akiwa mkali, tumvumilie, kwani moyo hukawia kutoka gerezani. Na angali amefungwa, tusingoje habari zake ndipo twende nyumbani kwake. Tubishe hodi leo, tumlimie mkewe shamba, tuwapeleke watoto shuleni, na jina la baba yao tulitaje mbele yao kwa heshima.