Liwali Verres na Watu wa Sisilia

Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka ya kuwa Mtume Paulo, alipokuwa akipelekwa Rumi naye ni mfungwa, alifika Sirakusa akakaa huko siku tatu. Mji huo uko katika kisiwa cha Sisilia, karibu na Italia. Habari ninayotaka kuieleza ilitokea kisiwani humo zaidi ya miaka mia kabla ya Paulo kupita, nayo ni habari ya liwali mwizi, na ya watu waliomwona akiiba wakanyamaza.

Sisilia ilikuwa nchi ya ngano. Wakulima wake walio wengi waliwalipa Warumi sehemu ya kumi ya mavuno, kwa sheria ya zamani ya mfalme Hiero wa Sirakusa. Sheria hiyo ilikuwa kali, walakini ilimlinda mkulima na mtoza ushuru pia. Mwaka wa 73 kabla ya Kristo akaja liwali jina lake Gaius Verres. Ilikuwa desturi liwali kukaa mwaka mmoja. Huyu alikaa mitatu. Akatoa amri ya kwamba mkulima atoe kiasi chochote atakachotajiwa na mtoza ushuru, na akiona ameonewa, aende akashtaki baadaye. Tena asiondoe ngano yake katika kiwanja cha kupuria mpaka amekwisha kupatana na mtoza ushuru. Mtu aliyelima ajua uzito wa amri hiyo: ngano imekwisha kupurwa, nayo iko mbele ya macho yake, wala hana ruhusa ya kuigusa. Je, atabishana siku ngapi? Na akienda kushtaki, mkubwa wa watoza ushuru, Apronius, alikuwa rafiki wa liwali, na waamuzi walitoka katika watu wa liwali mwenyewe. Katika wilaya ya Leontini wakulima 84 walilima mwaka wa kwanza wa Verres. Mwaka wa tatu walisalia 32. Agyrium walikuwa 250, wakasalia 80.

Je, watu hawakujua? Walijua sana. Jina Verres kwa Kilatini maana yake ni nguruwe dume, nao walilifanyia mzaha kila mahali. Walicheka, kisha wakaenda kulipa. Sirakusa ilifanya sikukuu kwa jina lake na kumsimamishia sanamu. Mji wa Messana ulisamehewa nafaka, nao ukamjengea merikebu ya kuchukulia mali zake. Hapo naona ndipo palipokuwa na shina la mambo. Verres hakuwapa watu wote sababu moja ya kunyamaza. Huyu alimtisha, huyu alimsamehe, huyu alimfanya mshirika. Hata kila mji ukawa na sababu yake, na hakuna mji uliotaka kuwa wa kwanza kusema.

Wala haikuwa kwamba hawakuweza kumzuia. Verres alipenda mno sanamu za kazi nzuri, akaziondoa katika mahekalu na katika nyumba za watu. Usiku mmoja watumwa wake wenye silaha waliingia hekalu la Hercules katika mji wa Agrigentum ili waing'oe sanamu. Mbiu ikapigwa, wakatoka watu wote, hata wazee na wadhaifu, wakawatupia mawe, na wezi wakakimbia na visanamu viwili tu. Huko Assorus nako walinzi walipiga pembe, watu wakaja mbio kutoka mashambani, na wezi wakatoroka. Basi, kwa ajili ya sanamu waliondoka usiku. Lakini kwa ajili ya ngano, ambayo ni uhai wa watoto wao, kila mtu alisimama peke yake katika kiwanja chake.

Mwisho Wasisilia walimwendea Cicero, aliyekuwa amefanya kazi ya serikali kisiwani mwaka wa 75, wakamwomba awashtakie. Wakati huo waamuzi wote wa Rumi walikuwa watu wa Baraza Kuu, wenzake Verres. Cicero asema ya kuwa Verres alijisifu hivi: faida ya mwaka wa kwanza ni yake, ya pili ni ya watetezi wake, na ya tatu, iliyo nono kuliko zote, ni ya waamuzi. Cicero akazunguka kisiwa chote siku 50 akikusanya hesabu na mashahidi. Sirakusa hakutumaini kupata kitu, maana mji ule ulikuwa umempelekea Verres barua ya sifa. Kumbe wazee wa baraza walikuwa wameandika kwa siri kila kitu kilichoibwa, wakaficha daftari. Walimletea, kisha wakaitangua ile barua.

Kesi ilianza mwezi wa Agosti mwaka wa 70. Twajua habari hizi zaidi kwa maneno ya mshtaki, na mshtaki hamwonei haya mshtakiwa. Lakini Verres mwenyewe hakungoja hukumu. Baada ya kusikia mashahidi siku chache tu aliondoka akaenda kukaa Massilia, mji uitwao leo Marseille, katika Ufaransa.

Katika mashahidi hao alikuwamo Heius wa Messana, mkuu wa wajumbe waliotumwa na mji wake kuja kumsifu Verres. Alipoulizwa alikiri kwamba ndiye aliyesimamia ujenzi wa ile merikebu, na kwamba ametumwa kusifu. Kisha akasema ya kuwa nyumbani kwake palikuwa na chumba cha ibada, chenye sanamu alizoachiwa na baba zake. Kwamba hakuwahi kutaka kuziuza. Na kwamba Verres alizichukua. Fedha hakutaka. Aliomba arudishiwe miungu ya baba zake.