Bei ya Tumaini: Mabuki na Mwadui

Kata ya Ibaba imo katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, katika nchi ya milima karibu na mpaka wa Tanzania na Malawi. Majirani zake wana sifa ya madini: Lupa ilivuta maelfu ya watafutaji wa dhahabu tangu miaka ya 1920, na makaa ya mawe yamo katika mabonde ya Songwe na Kiwira. Almasi ni jambo jingine. Machimbo ya almasi yenye faida, duniani kote, yako karibu yote juu ya viini vya kale vya mabara, ambavyo miamba yake ina umri wa miaka bilioni 2.5 na zaidi. Ibaba iko juu ya ukanda wa Ubendi, ambao ni mchanga kuliko hapo. Argyle ya Australia ilivunja kanuni hii, na mwenye leseni ya mahali pasipotumainiwa hupenda kuitaja. Lakini kisa kinachowafungua watu mifuko katika Tanzania si cha Argyle. Ni cha Shinyanga.

Katikati ya miaka ya 1930 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa mtumishi wa kampuni iliyochimba almasi Mabuki, kusini ya Mwanza. Mabuki ilikuwa na almasi kweli, ila hazikutosha kulipa gharama. Kampuni ikakata tamaa. Williamson hakukata, aliendelea kutafuta kwa fedha za kuungaunga, akisaidiwa na mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra. Mwezi wa Machi 1940 akapata Mwadui.

Wauza hisa hukisimulia kisa hiki kana kwamba wale waliotoka walikuwa vipofu. Hiyo si haki. Ushahidi waliokuwa nao ulikuwa ule ule aliokuwa nao yeye, na kwa ushahidi huo kuondoka kulikuwa uamuzi wa busara. Miamba ya kimberlaiti iliyokwisha kuonekana Tanzania ni mamia, na machimbo makubwa yaliyotokana nayo ni moja tu.

Ugumu wake ni huu. Kampuni changa ya kutafuta almasi haina mapato. Huishi kwa kuuza hisa mpya, na hisa huuzwa kwa habari. Leo hutangazwa kwamba ganeti zimeonekana mchangani, kesho kwamba kimberlaiti imechorongwa, baadaye kwamba ndani yake zimo chembe za almasi. Kila habari yaweza kuwa kweli tupu, na bei ikapanda kwa haki, hali chimbo halipo. Dhahabu ina bei moja kwa wakia, popote itokapo. Almasi hukadiriwa jiwe kwa jiwe, na jiwe moja kubwa katika sampuli ndogo laweza kudanganya hesabu nzima. Thamani ya kweli hujulikana baada ya kuchimba karati maelfu, yaani baada ya fedha nyingi za wenye hisa kwisha kuliwa.

Mwadui yenyewe ni mfano mbaya wa kumtia mtu tamaa. Eneo lake la juu lilikuwa kiasi cha hekta 146, ukubwa usio wa kawaida kabisa, nao ndio ulioiokoa: mwamba wake hutoa karati chache tu katika kila tani 100. Mwamba wa namna hiyo hiyo, ukiwa na eneo la kiwanja cha mpira, ungeachwa kama Mabuki. Lile jiwe la waridi la karati 54.5 lililopatikana mwaka 1947, ambalo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, lilisifiwa ulimwenguni. Lakini jiwe moja si hesabu ya mgodi.

Tena hapakuwa na soko ambamo mtu wa kawaida angaliweza kubahatisha juu yake. Hisa za Williamson Diamonds hazikuuzwa hadharani. Zilikuwa mikononi mwa watu wachache, na kwa miaka kadhaa Williamson alishindana na De Beers juu ya bei, akizuia mawe yake yasiuzwe. Alifariki Januari 1958. Mwaka huo huo warithi wake waliuza mgodi kwa kiasi cha pauni milioni 5.65, nusu ikaenda kwa De Beers, nusu kwa Serikali ya Tanganyika.