Finehasi na Agano la Amani

Waisraeli walikuwa wamepiga kambi Shitimu, mashariki ya Yordani, wakikaribia kuingia nchi waliyoahidiwa. Watu wakaanza kuzini na wanawake wa Moabu na kumsujudia Baal-Peori, tauni ikawashukia. Mose na mkutano walikuwa wakilia mlangoni pa hema ya kukutania pale Zimri, mkuu mmoja wa kabila la Simeoni, alipompitisha Kozbi, binti wa mkuu wa Midiani, mbele ya macho ya wote. Finehasi, mjukuu wa Haruni kuhani, akainuka, akatwaa mkuki, akawafuata hemani na kuwachoma wote wawili. Tauni ikakoma. Ilikwisha kuua watu 24,000.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 25, na kama kingeishia hapo kingekuwa kisa cha damu kama vingine vingi. Lakini Mungu anamwambia Mose kwamba Finehasi ameiondoa ghadhabu juu ya Israeli kwa kuona ghera kwa ajili Yake, na kwa hiyo anampa agano la amani. Mtu ameua wawili bila kesi wala mashahidi, na tuzo yake ni amani! Marabi walikwama hapo kwa karne nyingi, nami nawaheshimu kwa kukwama huko. Hawakukifuta kisa, wala hawakukigeuza kuwa mfano wa kufuatwa. Waliuliza swali gumu zaidi: ndani ya moyo wa mwenye ghera mna nini?

Hata mwandiko una wasiwasi huo. Mwandishi wa magombo ya Torati, anayenakili kwa unyoya na wino mweusi juu ya ngozi, akifika kwenye neno la amani katika agano hili huandika herufi vav, ambayo kwa kawaida ni mstari mmoja uliosimama, ikiwa imekatika katikati. Kwingineko herufi iliyokatika huliharibia gombo uhalali wake mpaka lisahihishwe. Hapa desturi inataka ikatike. Wafafanuzi wengi wameona humo kwamba amani iliyoletwa na mkuki ina ufa. Usomaji wa sinagogi nao umekikata kisa vipande viwili: mauaji husomwa mwishoni mwa fungu la Sabato moja, tuzo husubiri Sabato inayofuata. Katika usomaji huo wa Sabato, wiki nzima hutenganisha mauaji na sifa za Finehasi.

Ghera ilikuwa na ukoo wake. Simeoni na Lawi walipowaua wanaume wa Shekemu kwa ajili ya dada yao Dina, baba yao Yakobo aliilaani hasira yao akiwa kitandani pa mauti. Zimri alitoka kwa Simeoni, Finehasi kwa Lawi. Baadaye akaja Eliya. Aliwaua manabii wa Baali kwenye kijito cha Kishoni, kisha akafika Horebu kulalamika kwamba amebaki peke yake na ghera yake. Ukapita upepo, tetemeko na moto, na Mungu hakuwamo. Ndipo ikaja sauti ndogo, tulivu. Eliya akarudia malalamiko yaleyale, neno kwa neno, na katika kujibiwa akaagizwa ampake Elisha mafuta awe nabii mahali pake. Mapokeo ya marabi, ambayo humhesabu Eliya kuwa ndiye Finehasi mwenyewe, yakaongeza jambo: kwa kuwa aliwashtaki Waisraeli kwamba wameliacha agano, amewajibishwa kuhudhuria kila tohara na kuona kwa macho yake kwamba bado wanalishika. Wayahudi humwekea kiti mpaka leo.

Mwaka 167 KK, katika mji mdogo wa Modiini, kuhani Matathia alimuua Myahudi aliyekubali kutoa sadaka ya kipagani kwa amri ya mfalme Antioko, na kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinamlinganisha waziwazi na Finehasi. Uasi huo uliokoa Hekalu. Lakini katika vizazi vilivyofuata, mmoja wa wazao wa Matathia, mfalme Aleksanda Yanai, aliwasulubisha Wayahudi wenzake 800 waliompinga, kama anavyosimulia mwanahistoria Yosefo. Marabi walipoieleza sikukuu ya Hanuka, inayoukumbuka uasi huo, walizungumzia zaidi mafuta ya kinara cha Hekalu kuliko vita, na kwa Sabato yake wakachagua usomaji kutoka kwa nabii Zekaria, aliyetangaza kwamba kazi ya Mungu haifanywi kwa jeshi.

Funzo la uchungu zaidi lilikuja na vita dhidi ya Roma, iliyoanza mwaka 66 BK. Yerusalemu ilipozingirwa, makundi ya wenye ghera yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya kuta. Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi, inasimulia kwamba walizichoma ghala za chakula ili watu wasipate njia nyingine ila kupigana, njaa ikaingia mjini. Rabi Yohanani ben Zakai akatolewa nje ndani ya jeneza, akaenda kumwomba jemadari wa Kirumi mji wa Yavne na wanazuoni wake. Hekalu likateketea mwaka 70. Marabi walipotafuta sababu ya msiba huo walitaja chuki ya bure kati ya ndugu na ndugu, katika kizazi kilichoshughulika na Torati na amri zake. Hebu tulipime hilo. Watu walioshindwa na dola kubwa kuliko zote walijitazama wenyewe kwanza.

Ni watu hao waliorudi kwa Finehasi wakiwa na maswali ya kisheria. Mishna, mkusanyo wa sheria zao, inataja kosa la aina ya Zimri miongoni mwa yale ambayo wenye ghera huweza kumpiga mtu papo hapo. Talmudi ikaufunga mlango huo kwa makomeo. Mtu akija kuuliza kama afanye hivyo, haambiwi afanye. Kama Zimri angekuwa ameachana na yule mwanamke, Finehasi angestahili kifo kwa kumuua. Na kama Zimri angegeuka akamuua Finehasi, asingehukumiwa, kwa kuwa alijitetea dhidi ya mtu aliyemwandama kumtoa roho. Talmudi ya Yerusalemu inakwenda mbali zaidi: Finehasi alitenda bila ridhaa ya wenye hekima, nao wangemtenga na jumuiya, kama Roho isingewatangulia na kutamka agano. Kwa maneno mengine, Mungu peke yake ndiye aliyeweza kumtolea ushahidi, maana Mungu peke yake ndiye aliyeona kwamba moyoni mwake hamkuwa na kisasi, sifa wala raha ya kuua. Mwingine yeyote hana shahidi wa namna hiyo.

Na Hileli, mmoja wa mababa wa mapokeo hayo, alipotaka kuwapa wanafunzi wake kigezo, alimruka mjukuu akaenda kwa babu: wawe wanafunzi wa Haruni, mpenda amani na mfuatilia amani. Inasimuliwa kwamba Haruni, wawili wakigombana, alimwendea mmoja na kumweleza jinsi mwenzake anavyojuta, kisha akamwendea wa pili na maneno hayohayo, mpaka wakikutana wanakumbatiana.

Je, ghera safi haipo kabisa? Ipo, na mfano wake naupenda kuliko yote. Huko Yavne, Rabani Gamalieli alitafuta mtu wa kutunga sala dhidi ya waliokuwa wakiisaliti jumuiya. Alisimama Shmueli Mdogo, mtu ambaye fundisho lake maarufu lilikuwa kutofurahia adui anapoanguka. Mwaka uliofuata, alipotakiwa kuisoma, alikuwa ameisahau, akahangaika saa mbili tatu kuikumbuka. Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefariki Yerusalemu mwaka 1935, aliona sababu ya kuchaguliwa kwake: maneno makali kama hayo yanafaa kutungwa tu na mtu aliyetakasika na chuki. Kabla yake Rabi Naftali Tzvi Yehuda Berlin, mkuu wa chuo cha Volozhin, alifafanua kwamba agano la amani lilikuwa dawa kwa Finehasi mwenyewe. Mkono uliokwisha kuua huufanya moyo kuwa mgumu, hata kama uliua kwa haki, na Mungu alimkinga na ugumu huo.

Lakini mlango ule uliofungwa na Talmudi ulivunjwa hata katika zama zetu. Tarehe 25 Februari 1994, daktari Myahudi aliwaua kwa risasi Waislamu 29 waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimu huko Hebroni. Tarehe 4 Novemba 1995, mwanafunzi wa sheria alimpiga risasi Waziri Mkuu Yitzhak Rabin mjini Tel Aviv, mara baada ya mkutano wa kuunga mkono amani, akidai kwamba ametekeleza sheria ya mwandamaji. Sheria hiyo aliipotosha. Kazi yake ni kumwokoa mtu ambaye muuaji anamfukuza wakati uleule, nayo inasema kwamba aliyeweza kumzuia mwandamaji kwa kumjeruhi kiungo, akaamua kumuua, naye ni muuaji. Kwa kipimo cha marabi wenyewe, kijana yule hakuwa Finehasi. Alikuwa muuaji, na mahakama ya Tel Aviv ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 1996.