Kazi ya Pafu Lililopona: Hoja kutoka Kibong'oto

Mgonjwa wa kifua kikuu nchini Tanzania huandikwa kuwa amepona pale anapomaliza dozi na makohozi yake yanapothibitika hayana tena bakteria. Kwa upande wa kimelea, kipimo hicho kinatosha. Kwa upande wa pafu hakisemi lolote: hewa kiasi gani inaingia, inatoka kwa kasi gani, oksijeni inavuka kwenda kwenye damu kwa wepesi gani. Ninadai kwamba kupona kunapaswa kupimwa pia kwa kazi ya kiungo. Ninadai vilevile kwamba pengo hili limekuzwa na mazoea yetu ya kufundisha anatomia na fiziolojia kama masomo mawili yasiyohitajiana, hivi kwamba mwanafunzi huweza kutaja sehemu kuu tatu za pafu la kulia na mbili za pafu la kushoto bila kujua kwa nini ugonjwa huu hupendelea kuanzia juu.

Hoja hii nataka kuijenga juu ya Kibong'oto, Sanya Juu, wilayani Siha. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na leo ni Hospitali Maalumu ya Magonjwa Ambukizi. Ni taasisi chache katika Afrika Mashariki zilizopita katika awamu zote za tiba ya mapafu kama hii.

Ilipoanzishwa, miaka 44 ilikuwa imepita tangu Robert Koch atangaze, Machi 24, 1882, kwamba amemgundua bakteria wa kifua kikuu. Kujua adui hakukuleta silaha. Streptomaisini, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi yake, ilipatikana mwaka 1943. Katika kipindi hicho kirefu madaktari duniani hawakuwa na chombo kingine ila mwili wenyewe wa mgonjwa: pumziko la kitandani, lishe, hewa baridi ya milimani. Hatuna budi kuiheshimu elimu yao, maana ilisimama juu ya fiziolojia. Pafu halina msuli wake wa kulipanua. Kiwambo kinaposhuka na mbavu zinapoinuka, nafasi ya kifua huongezeka, nalo pafu hufuata kwa sababu shinikizo kati ya tando mbili zinazolizunguka liko chini kuliko la hewa ya nje. Ndiyo maana katika sanatoria nyingi za wakati ule daktari aliweza kuingiza hewa kidogo kati ya tando hizo, pafu likasinyaa, na tundu lililochimbwa na ugonjwa likapata nafasi ya kufunga.

Hata pumziko la kitandani lina maelezo yake. Mtu akiwa amesimama, damu ya mapafu huelemea chini; sehemu ya juu hupata hewa nyingi kuliko damu iliyopo ya kuichukua, hivyo oksijeni hubaki tele. Shinikizo la oksijeni katika vifuko vya hewa vya juu kabisa hukaribia milimita 130 za zebaki, ilhali chini ni kama 90. Bakteria wa kifua kikuu hustawi penye oksijeni. Mtu akilala, damu hufika hadi kwenye ncha ya pafu na tofauti hiyo hupungua. Muundo pekee hauwezi kueleza haya, kwani vifuko vya juu na vya chini vimejengwa kwa namna moja.

Kisha zikaja dawa. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na kwa ushirikiano na mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo ikaonyesha kwamba matibabu ya muda mfupi, yanayosimamiwa kwa karibu na kufuatiliwa kwa darubini ya makohozi, yanawezekana katika nchi maskini. Kutokana na kazi hiyo Shirika la Afya Duniani lilipata mfano wa mkakati uliosambazwa ulimwenguni katika miaka ya 1990. Watu wasiohesabika wako hai kwa sababu yake. Ila ushindi huo ulileta mazoea: kwa kuwa makohozi ndiyo yaliyopimwa, makohozi yakawa ndiyo ugonjwa, na pumzi ikatoka kwenye daftari.

Turudi basi kwenye pafu lenyewe. Mtu mzima ana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 300 au zaidi, ambavyo kuta zake zikitandazwa hufikia takribani mita za mraba 70. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko maikromita moja katika sehemu kubwa ya eneo hilo. Kifua kikuu huharibu yote mawili. Huacha matundu, makovu, mirija iliyopanuka na isiyosafishika, na mahali pengine ukuta mnene. Dawa humwua bakteria. Vifuko vilivyokwisha kuliwa hazivirudishi.

Kwa nini basi mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari huonekana mzima? Chembe nyekundu ya damu hupita kwenye kapilari ya pafu kwa takribani robo tatu ya sekunde mtu akiwa ametulia. Katika pafu zima, robo ya kwanza ya sekunde hutosha kuijaza oksijeni. Muda unaosalia ni akiba. Ukuta ukinenepa, chembe huhitaji muda zaidi, lakini akiba inafidia. Mtu huyo akianza kupanda kutoka Sanya Juu kuelekea mashamba ya juu akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, moyo huisukuma damu mbio, na chembe hupita kwa robo ya sekunde tu. Akiba imekwisha. Damu huondoka haijajaa, naye husimama njiani akitweta. Kwa mwenye kuishi kwa jembe, au kwa mgumu anayebeba mizigo ya wageni kutoka lango la Londorossi kuelekea kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani, upungufu huo ni suala la riziki. Cheti chake kinasema amepona. Majirani humwita mvivu.

Migodi ya Mererani inazidisha uzito wa hoja. Wanaapolo wanaochimba tanzanaiti huvuta vumbi la mawe lenye silika, na punje zilizo ndogo kuliko maikromita 5 hivi hufika hadi kwenye vifuko. Seli za ulinzi huzimeza, hushindwa kuzimeng'enya, hufa, na kuziachia zimezwe na nyingine. Kila mzunguko huongeza kovu. Seli hizohizo ndizo zinazopaswa kummeza bakteria wa kifua kikuu. Kwa hiyo mchimbaji huwa na hatari kubwa ya kuugua, na akitibiwa TB hubaki na silikosisi, ambayo haina dawa ya kuiponya na isiyoonekana kwenye makohozi hata mara moja. Kibong'oto hupokea wachimbaji wa aina hii. Mbele yao, darubini haiwezi kuwa shahidi pekee.

Nakubali kwamba kupima pumzi kuna matatizo yake, na moja ni la kielimu hasa. Spiromita, kifaa cha kupima pumzi, hutoa namba, na namba huhitaji kulinganishwa na ya mtu mwenye afya. Milinganyo ya kimataifa ya mwaka 2012 ilikuwa na kundi la watu weusi lililotokana na Wamarekani weusi. Ile ya 2022 imeacha kugawa watu kwa rangi. Hakuna kati ya hiyo iliyojengwa juu ya mkulima wa Siha aliyekua akivuta moshi wa kuni jikoni. Vyuo vyetu, KCMC kule Moshi kikiwa karibu zaidi, vina wajibu wa kupima watu wazima wenye afya wa ukanda huu ili tupate kigezo chetu.

Pingamizi la gharama lina nguvu kidogo kuliko linavyosikika. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu afya baada ya kifua kikuu ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2019, na tangu hapo suala hili si geni tena. Kutembea kwa dakika sita kwenye korido ya mita 30, kifaa cha kupima oksijeni kikiwa kidoleni, hakuhitaji mashine kubwa wala umeme wa uhakika, na kunafichua hasa kile ambacho kuketi kunaficha. Wakati unaofaa ni mwisho wa dozi, makohozi yakiwa safi na mhudumu hana hofu ya kuambukizwa. Ninapendekeza kadi ya mgonjwa iongezwe mistari miwili: umbali aliotembea, na oksijeni ilishuka hadi asilimia ngapi. Atakayeshuka sana apewe mazoezi ya pumzi, afuatiliwe, na aandikiwe barua ya kumwombea kazi nyepesi. Mchimbaji aelezwe waziwazi kwamba kurudi shimoni kutamnyang'anya kilichobaki.