Bobi kapanda ndege: historia fupi ya mbwa angani

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa nyumbani Murongo, na huko niliporudi nimekuta kisa ambacho kimenifanya nisome historia kuliko nilivyosoma nikiwa chuoni. Kaeni mkao wa kusikiliza.

Kwa wasiopajua, Murongo ipo mpakani, wilaya ya Kyerwa, ile iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukisimama mtoni unaitazama Kikagati ya Uganda ng'ambo ya Mto Kagera. Jirani yetu, mzee wa makamo ya baba yangu mkubwa, ana mbwa anaitwa Bobi. Hakumnunua. Wapangaji walihama wakamwacha, mzee akamwokota akiwa mifupa mitupu. Sasa Bobi alinaswa na mtego wa waya porini. Alirudi siku ya tatu akiburuta mguu wa nyuma. Afisa mifugo akasema mguu unahitaji upasuaji, na safari ndefu ya gari mpaka Mwanza itamuua.

Kukawa na mgeni mmoja mwenye ndege ndogo ya injini moja, anatoka Bukoba kwenda Mwanza. Akasema nafasi ipo. Mzee akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Mbwa anaweza kupanda ndege akafika salama?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba siku mbili.

Kumbe mbwa wamekuwa angani muda mrefu. Wa kwanza kunigusa anaitwa Antis. Mapema mwaka 1940 askari wa anga kutoka Czechoslovakia, Robert Bozděch, aliyekuwa akipigana upande wa Ufaransa, alidondoka na ndege yake karibu na mstari wa mbele. Katika nyumba iliyotelekezwa akakuta mtoto wa mbwa, amebaki peke yake. Akamtia ndani ya koti lake. Ufaransa iliposhindwa wakakimbilia Uingereza pamoja, na Bozděch akajiunga na kikosi cha 311 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichokuwa cha Wacheki.

Mwaka 1941 Antis alijificha ndani ya ndege ya kivita, wakamgundua wakiwa tayari juu. Huko juu hewa ni nyembamba, na Bozděch akawa anavuta oksijeni kidogo, kisha anamvutisha mbwa kwenye barakoa yake. Baada ya hapo wenzake wakamtengenezea Antis barakoa ya kwake. Aliruka nao zaidi ya mara thelathini, akajeruhiwa na vipande vya makombora, na mwaka 1949 akapewa medali ya Dickin, ambayo Waingereza huwapa wanyama waliofanya ushujaa vitani.

Jamani, tuiache medali pembeni, tutazame barakoa. Vita inaunguruma, watu wanakufa, na mtu anakaa chini kushona barakoa ya mbwa. Aliyempandisha mbwa angani alijua anadaiwa pumzi yake.

Sasa tazameni upande wa pili. Tarehe 3 Novemba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik 2, na ndani yake alikuwemo Laika. Laika naye alikuwa mbwa wa kuokotwa, wa mitaani Moscow. Walichagua mbwa wa mitaani kwa hoja kwamba amezoea baridi na njaa, atavumilia. Chombo hakikuwa na namna ya kurudi, na walijua hivyo kabla hawajakirusha.

Dunia iliambiwa kwamba aliishi siku kadhaa akafa bila maumivu. Ukweli ulitoka mwaka 2002, miaka 45 baadaye, pale mwanasayansi wa Urusi Dimitri Malashenkov alipoeleza kwamba Laika alikufa saa chache tu baada ya kurushwa. Kilichomuua ni joto pamoja na hofu. Mapema zaidi, mwaka 1998, mmoja wa wataalamu waliomwandaa, Oleg Gazenko, alikuwa amekiri hadharani kwamba anajuta.

Joto! Nililipigia mstari neno hilo kwenye daftari langu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Mfungie mahali padogo pasipo na hewa, kuhema hakumsaidii kitu.

Agosti 1960 Wasovieti hao hao waliwarusha Belka na Strelka, nao wakazunguka dunia wakarudi hai. Safari hii chombo kilitengenezwa kwa kufikiria kurudi. Ndiyo tofauti ninayoiona mimi katika historia yote hii: kuna aliyemfikiria mnyama mpaka mwisho wa safari, na kuna aliyemfikiria mpaka mlango ulipofungwa.

Nilipokuwa nasoma hayo kibarazani, mama mmoja anayeuza ndizi jirani akaniuliza nasoma nini. Nikamweleza. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, sisi tulibebwa kwa pikipiki kwenda kujifungua. Leo mbwa apande ndege?"

Sikuweza kumjibu hapo hapo. Nikaenda kulala nalo.

Nikakumbuka kwamba mwaka ule ule wa 1957, mwaka wa Laika, ndipo madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipoanzisha huduma ya madaktari warukao Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Ndiyo AMREF ya leo. Wazo lao lilikuwa jepesi: ndege ndogo inatua pale ambapo gari halifiki, basi imfuate mgonjwa alipo. Kwa hiyo mama yule hakukosea. Ndege ndogo katika nchi zetu ina historia ya kubeba watu wanaokaribia kufa. Kama bado kuna mama anayebebwa kwa pikipiki, deni hilo ni letu sote, na sitalifuta kwa kisa cha mbwa.

Lakini nafasi katika ndege ya mgeni yule haikuwa imechukuliwa kwa mama yeyote. Ingeruka na kiti kitupu. Hata Marekani ilianza hivyo hivyo. Mwaka 2008 Debi Boies na rubani Jon Wehrenberg walianzisha Pilots N Paws, wakiwaunganisha marubani wenye ndege zao na mbwa waliokuwa hatarini kuuawa kwenye vituo vilivyojaa. Rubani anaruka hata hivyo, kwa nini kiti kiwe tupu?

Na mbwa hao wa kutupwa wana kazi. Taasisi ya Working Dogs for Conservation ya huko huko Marekani huwachukua wengine vituoni na kuwafundisha kunusa. Baadhi wamefika mpaka Grumeti, magharibi mwa Serengeti, kusaka pembe za ndovu, risasi na mitego ya waya. Fikirini: mtego kama ule uliomnasa Bobi, unatafutwa na mbwa aliyewahi kutupwa kama Bobi.

Basi siku ya pili nikampelekea mzee karatasi. Niliandika hivi:

Kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti cha daktari wa mifugo. Pili, apimwe uzito pamoja na kizimba chake, maana ndege ndogo inahesabu kila kilo na mahali ilipokaa. Tatu, kizimba kiwe na matundu ya hewa pande zote, akiweza kusimama na kugeuka, na kifungwe kwa mikanda nyuma ya viti. Mbwa akiachwa huru anaweza kumrukia rubani au kujibana kwenye pedeli. Nne, asipewe dawa ya usingizi bila daktari kusema, kwa kuwa inaweza kuvuruga pumzi na joto la mwili. Tano, asishindiliwe chakula kabla ya safari, ila maji kidogo anywe. Sita, asisogezwe kwenye ndege mpaka pangaboi lisimame kabisa. Saba, rubani asipande juu sana wala kwa haraka: karibu mita 3,000 kanieneo ya hewa imeshapungua kwa kama asilimia 30 ukilinganisha na usawa wa bahari. Nane, JOTO. Nililiandika kwa herufi kubwa.

Tukapita Nkwenda, Omurushaka, Kyaka, mpaka Bukoba, Bobi amelala kwenye kizimba cha mbao alichokigonga mzee mwenyewe. Uwanja wa Bukoba uko kando kabisa ya ziwa. Huwezi kusimama pale usikumbuke Novemba 6, 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria na watu 19 wakapoteza maisha. Mzee alikuwa akiyatazama maji, haongei.

Tulimpakia Bobi, tukafunga mikanda. Kisha ikaja taarifa kwamba kuna wingu zito upande wa ziwa, tusubiri. Mimi nikatoa kamera, nikaanza kupiga picha za ndege. Picha za blogu hii! Dakika zikapita. Jua lilikuwa kali.

Rubani ndiye aliyegeuka. "Mbwa wenu anahema vibaya," akasema. "Mtoeni."

Tukamtoa mbio, tukamweka kivulini, mzee akamlowesha makucha na tumbo kwa maji. Baada ya muda pumzi ikatulia. Ndugu msomaji, mimi niliyeandika neno JOTO kwa herufi kubwa nilimsahau Laika mwingine ndani ya bati la moto, mita kumi kutoka nilipokuwa nimesimama. Karatasi haimwangalii mbwa. Lazima mtu amwangalie.

Waliondoka alasiri, baada ya jua kupungua na wingu kupita, mzee amekaa karibu na kizimba, mkono wake kwenye tundu. Kama saa moja hivi baadaye simu yangu ikaita. "Tumefika," mzee akasema. "Alilala." Mguu haukupona wote, lakini Bobi yupo na anachechemea uani kwao.

Mama wa ndizi nilimpelekea habari mwenyewe. Akasema, "Haya, vizuri. Sasa andika na yangu." Nimeahidi. Makala ijayo ni ya barabara, pikipiki na kina mama wa Murongo.

Nanyi mnasemaje? Mngempandisha? Karibuni tujadili hapo chini.